Nani Anamjibu Mwimbaji? Uzi Uliosahauliwa katika Uhakiki wa Tendi za Enanga

Makala haya yanaanza kwa kukiri kosa, na kosa lenyewe ni langu. Nilipokuwa mwaka wa pili, somo la Fasihi Simulizi lilimtaka kila mmoja wetu aende uwandani wakati wa likizo, akusanye kazi moja, ainakili, aifasiri kwa Kiswahili, kisha aihakiki kifani na kimaudhui. Mimi sikuhangaika. Nimezaliwa Bukoba mjini, na ujombani kwangu ni Muleba. Nilipanda daladala hadi Muleba, nikaingia vijijini upande wa Ihangiro ya zamani, nikamrekodi kwa simu mzee mmoja mpiga enanga, ambaye mama yangu humwita baba mdogo na mimi humwita babu. Aliimba utendi wa kijana anayeitwa na mfalme na kuondoka kwao. Aliimba kwa zaidi ya dakika 40, huku wazee wenzake wakitafuna kahawa na kumwitikia.

Nilirudi nikainakili kazi ile kwa bidii. Safu ya kushoto Kihaya, safu ya kulia Kiswahili. Pale sauti ya babu iliponyamaza na chombo kikaendelea peke yake, niliandika katika mabano neno moja tu: (muziki). Nimehesabu juzi, nililiandika mara 31. Baadaye simu ilipojaa nikaifuta rekodi. Kazi si ninayo kwenye karatasi? Rekodi ya nini tena? Ripoti ilipata alama nzuri sana, nami nikatembea kifua mbele.

Likizo iliyofuata nikampelekea babu nakala iliyopigwa chapa, nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho kwa adabu zote. Kisha akasema:

"Niliyosema mimi umeyaandika, mjukuu wangu, hujakosea. Sasa yule aliyekuwa ananijibu umemweka wapi?"

"Waitu babu, hawa hapa," nikamfungulia ukurasa wa mwisho wenye majina ya wazee waliokuwapo siku ile.

Akatikisa kichwa, akaelekeza kidevu ukutani, ilikotundikwa enanga. Haikuwa na uzi. Tangu masika mkono wake wa kushoto ulikuwa haufungi, na kijana mmoja wa nyumba ile alikuwa ameutoa uzi akaenda nao ziwani kuvulia samaki.

Swali la babu ndilo swali la makala haya. Hoja yangu ni hii: katika uhakiki wetu wa fasihi simulizi inayoimbwa, tumemhakiki mmoja tu kati ya wasemaji wawili. Chombo tumekiita usindikizaji, pambo, kichangamsho cha hadhira. Kumbe mahali pengi chombo ndicho kinachobeba sehemu ya maana ambayo maneno hayakuibeba, na tukikiacha nje ya nakala tunahakiki nusu ya kazi huku tukiiita kazi nzima.

Gitaa lililokuwapo siku zote

Mwanga wa kwanza sikuupata kitabuni. Niliupata siku ileile, kwenye daladala ya kurudi Bukoba. Tulipopita Muhutwe dereva akaweka Don Williams. Msinicheke. Katika nyumba nyingi za rika la wazazi wetu Don Williams na Jim Reeves ni kama wajomba. Baba yangu ana kaseti zao ambazo mpaka leo haruhusu mtu aziguse. Wimbo ule niliujua kwa moyo. Lakini kwa kuwa kichwani nilikuwa na swali la babu, kwa mara ya kwanza sikumsikiliza Don Williams. Nilimsikiliza anayemjibu. Kila alipomaliza mstari, sauti nyingine ilipanda taratibu, ikajikokota, ikainama, kisha ikamwachia nafasi aendelee. Haikuwa fidla, haikuwa kinanda, wala haikuwa mtu.

Nikamwuliza kondakta ni kitu gani kile. "Gitaa hilo, bro." Gitaa gani linalia namna hiyo? Usiku nikamwuliza baba. "Hicho ni kinanda," akasema, yeye aliyeusikiliza wimbo ule kwa miaka 30 na ushei.

Kondakta ndiye aliyepatia. Ni gitaa la chuma lenye pedali, na hapa nitaliita gitaa la pedali kwa ufupi. Halishikwi kifuani. Limelazwa juu ya miguu yake kama meza nyembamba, na mpigaji ameketi nyuma yake. Aghalabu lina nyuzi 10. Mkono wa kulia unadonoa; wa kushoto unatelezesha juu ya nyuzi kipande cha chuma, na chuma hicho ndicho kilicholipa jina. Chini kuna pedali za miguu na nyenzo zinazosukumwa na magoti. Hizo huvuta baadhi ya nyuzi na kuziacha nyingine, ili noti moja ipande huku mwenzake imetulia palepale. Kuna pia pedali ya kuongeza na kupunguza sauti. Mpigaji hudonoa sauti ikiwa chini, kisha huifungua polepole. Ndiyo maana husikii inapoanzia. Unaikuta imeshafika, kama mtu aliyeanza kulia kabla hujaingia chumbani.

Asili yake ni Hawaii. Huko, mwishoni mwa karne ya 19, kijana Joseph Kekuku alieneza upigaji wa kutelezesha chuma juu ya nyuzi, na baada ya mwaka 1904 akazunguka nao Marekani na hatimaye Ulaya. Pedali zilikuja kujulikana mwaka 1954, Bud Isaacs alipozitumia katika wimbo wa Webb Pierce uitwao "Slowly". Tangu hapo wapigaji wengi wa kantri walizitaka. Katika nyimbo nyingi za Don Williams za miaka ya 1970, mpigaji ni Lloyd Green. Wala jambo hili halikuishia kwa Wamarekani. Mwaka 1982 King Sunny Adé wa Nigeria alipotoa albamu ya Juju Music, gitaa la pedali lilikuwamo, likipigwa na Demola Adepoju katikati ya ngoma za Kiyoruba. Chombo kimeingia Afrika, kimekaa masikioni mwetu miaka na miaka, na ukiuliza jina lake unaambiwa kinanda.

Sasa tulihakiki kidogo, tusilisifu tu. Chukua maneno ya Don Williams katika nyimbo zake nyingi, uyaandike kwenye karatasi bila muziki. Utapata mtu mtulivu, hana makuu, anasema ameridhika na mkewe na maisha yake. Ukiyahakiki kimaudhui utasema dhamira ni ridhaa, ukafunga daftari. Lakini rudisha gitaa la pedali. Mwimbaji anasema ametulia, na nyuma yake kuna sauti haijatulia hata kidogo, inatafuta noti yake, inaikosa kidogo, inaifikia kwa kuchelewa. Unaanza kuelewa kuwa utulivu ule umemgharimu mtu. Mgogoro haumo ndani ya maneno. Umo kati ya maneno na chuma. Mhakiki aliyesoma karatasi peke yake hawezi kuuona, hata akiwa hodari namna gani.

Enanga na gitaa si ndugu

Hebu nitahadhari hapa kabla sijaambiwa nimevuta uzi ukakatika. Sidai kwamba enanga na gitaa la pedali ni ndugu. Enanga ni gogo moja lililochongwa likawa mfano wa sinia refu lenye kina kifupi. Uzi mmoja hupitishwa kwenda na kurudi toka ncha moja hadi nyingine mpaka zinapatikana nyuzi saba au nane. Mpigaji huketi, huipakata, hudonoa kwa vidole vya mikono yote miwili. Haina chuma cha kutelezesha wala pedali. Noti yake haipindi wala haivutwi. Inadundwa na kufa upesi. Kwa sauti, vyombo hivi vinatofautiana kama mbuzi na njiwa.

Vinachofanana ni kazi. Vyote viwili vimekaa pembeni ya sauti ya mtu, vikimjibu, vikimkumbusha, na pengine vikimkanusha. Na vyote viwili msikilizaji huvipita akimfuata mwenye maneno.

Kama kuna anayeona natia chumvi, avuke mpaka tu. Mkoa wetu wa Kagera umepakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na kote huko chombo hiki kipo; Rwanda na Burundi huitwa inanga. Burundi kuna upigaji wa pekee wa inanga ya kunong'ona. Mwimbaji haimbi, ananong'ona. Mnong'ono, kama tunavyojua, hauna kidatu. Huwezi kupandisha wala kushusha sauti ya kunong'ona kama unavyofanya unapoimba. Lakini nyuzi zinapofuatana na mnong'ono ule, msikilizaji husikia kana kwamba mnong'onaji anaimba. Mtafiti Cornelia Fales alilichambua jambo hili mwaka 2002 na kuonyesha kwamba sikio ndilo linaloviunganisha vitu viwili vikawa kimoja: pumzi ya mtu na kidatu cha uzi. Sasa niambie, ndugu msomaji, ukiunakili wimbo huo kwa maneno peke yake umenakili nini? Umenakili upepo.

Hapo pana jambo la lugha ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kulikabili. Kirundi ni lugha ya toni, na Kihaya hali kadhalika. Katika lugha hizo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Kiswahili hakina toni za namna hiyo. Kwa hiyo sikio letu, lililolelewa na Kiswahili cha shuleni, limezoea kwamba neno likishaandikwa herufi zake limekamilika, na kinachobaki ni mahadhi. Tunapoleta kazi ya Kihaya katika Kiswahili tunapoteza toni bila kuaga, na uzi uliokuwa unatembea na toni hizo unabaki hauna wa kuandamana naye. Ndipo tunauita muziki, kwenye mabano.

Orodha tunayoikariri

Tuje nyumbani, kwenye taaluma yetu. Tendi za enanga si kitu kigeni chuoni. Mwaka 1970 Ruth Finnegan aliandika katika Oral Literature in Africa maneno yaliyowafanya wengi waamini kwamba utendi si utanzu wenye nguvu barani Afrika. Waliojibu ni wengi, na mmoja wao ni M. M. Mulokozi, aliyeuliza mwaka 1983 katika jarida la Research in African Literatures iwapo wapiga nanga wa Tanzania ni wasanii wa utendi, kisha akalifanyia jambo hilo tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Kazi hiyo ni deni letu sote. Bila yake, majina kama Rukiza, Kachwenyanja na Mugasha, bwana wa ziwa na dhoruba, yangebaki kwenye vilabu vya rubisi, na wanafunzi wangeendelea kuamini kwamba mashujaa wa utendi wanatoka Ugiriki tu.

Mulokozi huyohuyo, katika toleo la 21 la Mulika, mwaka 1989, alitupatia orodha ambayo kila mmoja wetu ameikariri usiku wa kuamkia mtihani: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Itazameni hiyo ya sita. Ngomezi ni fasihi ya ngoma, ngoma inayosema. Yaani taaluma yetu imekwisha kukubali kwamba kitu kisicho mdomo kinaweza kuwa na fasihi yake. Ngozi imepewa utanzu. Uzi haujapewa hata aya katika majibu yetu ya mtihani.

Lawama simpi Mulokozi, maana orodha yake iliundwa kwa kutazama pia muktadha na namna kazi inavyotolewa, na hakuna aliyetukataza kuiendeleza. Lawama ni yetu sisi tunaoikariri orodha kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Sipendekezi utanzu wa saba utakaoitwa nyuzi. Mambo ya kuongeza vijumba kwenye jedwali yametuchosha. Napendekeza kwamba ndani ya ushairi, pale kazi inapotolewa na chombo, chombo kihesabiwe kuwa msemaji, na mhakiki alazimike kueleza kinasema nini na kinasema wakati gani.

Najua watakaonipinga. Wapo watakaosema: fasihi ni sanaa ya lugha, hayo ya nyuzi tuwaachie wenzetu wa muziki. Hoja hiyo ina uzito na siidharau. Kila taaluma lazima iwe na mipaka, vinginevyo tutajikuta tunahakiki hata viti walivyokalia hadhira. Lakini mpaka huo hatuufuati wenyewe. Mbona tunahakiki ishara za uso za mtambaji? Mbona tunahakiki makofi, vigelegele, kiitikio? Tunavihakiki kwa sababu vinabadili maana ya linalosemwa. Kipimo kiwe hichohicho: ukikiondoa kitu na maana ikabaki vilevile, ni pambo, ukikiondoa na maana ikahama, ni sehemu ya matini.

Wengine watasema hadhira haijali chombo, inafuata maneno. Hao nawakumbusha mwaka 2001, Saida Karoli, mzaliwa wa Kagera, alipotoa albamu ya Maria Salome. Nchi nzima ilicheza "Chambua Kama Karanga". Mtwara walicheza, Tanga walicheza, na wengi wao hawakujua Kihaya hata salamu. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliurudia kwa jina la "Salome", nchi ikacheza tena. Kama hadhira inafuata maneno peke yake, walikuwa wanafuata nini? Sisemi walielewa kila kitu. Nasema kuna kitu walielewa, na hakikupita kwenye msamiati. Mhakiki asiyekuwa na neno la kukiitia kitu hicho ana kazi mbele yake.

Dakika tatu zilizobaki

Siwezi kumaliza kwa nadharia, maana nina deni. Rekodi yangu imekwenda na mkono wa babu haurudi. Lakini binamu yangu alikuwapo siku ile, naye alichukua kipande kwa simu yake kumpelekea dada yake aliye Mwanza. Ni dakika tatu na sekunde chache. Nimekisikiliza mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitabu chochote cha kozi.

Kipande chenyewe ni pale kijana anapomuaga mama yake. Katika ripoti yangu niliandika kwamba anaaga kishujaa, bila kusita, na nikatumia nusu ukurasa kueleza ushujaa huo. Maneno yanasema hivyo kweli. Lakini sikilizeni. Mama anaposema, enanga inampa mchoro wake wa noti chache, unaorudiwa chini ya sauti. Mama ananyamaza. Kijana anaanza kuaga, na nyuzi hazibadiliki. Zinaendelea na mchoro uleule wa mama. Kijana anamaliza, anatoka, maneno yanakwisha, na nyuzi bado ziko kwa mama. Zinaurudia mchoro wake, kila mara taratibu zaidi, mpaka mzee mmoja wa hadhira anaguna. Ndipo babu anaendelea na safari ya kijana. Kwenye nakala yangu mahali hapo pameandikwa (muziki).

Kwa hiyo shujaa wangu asiyesita alikuwa na mama mlangoni, na mimi nilimfuta. Niliandika nusu ukurasa wa uhakiki usio sahihi, nikapewa alama.

Tufanyeje? Hatuanzi na mikono mitupu. Peter Seitel, katika See So That We May See ya mwaka 1980, alizipanga hadithi za Kihaya katika mistari inayofuata vituo na sauti ya msimulizi, ili msomaji aone anapopumzika na anapokaza. Kama kituo kinaweza kuchapwa, uzi nao unaweza. Safu zetu mbili ziwe tatu: lugha ya asili, tafsiri, na chombo. Katika safu ya tatu tuandike kwa maneno ya kawaida, bila kujifanya wanamuziki: kinaanza, kinarudia, kinapunguza mwendo, kinanyamaza, kinaendelea na mchoro wa nani. Jina la chombo na la mpigaji liandikwe kwa herufi zilezile za jina la mwimbaji. Na kabla ya kuandika mstari mmoja wa uhakiki, tumrudie fanani tumwulize, maana babu yangu alikuwa tayari kunisahihisha tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye sikuuliza.

Nimekwisha kununua uzi wa nailoni sokoni Bukoba. Babu amesema ataimba, na ataniambia pa kuweka vidole. Sijui kupiga, na sitajifanya najua; labda mwaka ujao kutakuwa na makala ya kueleza nilivyoshindwa. Wenzangu mnaokwenda uwandani likizo hii, iwe Ngara, Ukerewe au Pemba, ninachowaomba ni kidogo. Simu ikijaa, futeni picha. Rekodi msifute.